Wanajeshi walichimba visima, nani atavitunza?

Rais Uhuru Kenyatta alipomteua Meja Jenerali Mohammed Badi wa Jeshi la Wanahewa kuongoza Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), Machi 2020, wengi walishangaa mwanajeshi anatafuta nini katika mabomba na takataka.

Mitaa ya mabanda ilipata jibu mapema. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, ambako maji hununuliwa kwa mtungi, tena kwa bei inayomzidi tajiri mwenye mfereji nyumbani, visima vilikuwa habari njema kweli.

Lakini afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Gavana Mike Sonko alizikabidhi serikali kuu kwa mkataba wa Februari 2020, na Juni mwaka huo mahakama ikatoa siku 90 uteuzi huo urekebishwe. Jenerali haombi kura. Mkazi aliyekaukiwa na maji angemwadhibu vipi?

NMS ilifunga kazi Septemba 2022, majukumu yakarejea kwa kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja. Pampu bado zinahitaji umeme, vipuri na mafundi, na fedha hizo hupitishwa na madiwani, si kambini.