KAZI YAKO SI ADUI WA GITAA LAKO



Leo nasema na wewe uliye kwenye bendi. Jumatatu hadi Ijumaa uko kazini: dukani, ofisini, darasani, kwenye wadi ya hospitali. Jioni unapanda matatu na gitaa mgongoni kwenda mazoezi. Mnapiga panki, yale magitaa ya kelele na dramu za kasi. Hamna kampuni nyuma yenu wala mdhamini. Pesa ya studio mnachanga kwa M-Pesa. Na wewe ni mtoto wa Mungu, umeokoka.

Najua unasikia sauti mbili. Nyumbani wanakuambia uache hizo kelele, umekuwa mtu mzima. Na madhabahuni, hapa ndipo moyo wangu unawaka, unaambiwa kwamba kama umeitwa kweli, uache kazi. Kwamba mshahara ni Misri. Kwamba uruke kwa imani. Watu wanapiga makofi, na Jumatatu kijana anapeleka barua ya kujiuzulu. Mwezi wa tatu mwenye nyumba anaweka kufuli mlangoni, gitaa linauzwa, na yule mtumishi hashiki simu.

Nasema bila kuzunguka: HAYO SI MAFUNDISHO YA IMANI. Ni kuchezea maisha ya watu ukiwa na maiki mkononi.

Fungua Biblia yako. 1 Samweli 16, Daudi ameshapakwa mafuta, anapiga kinubi mbele ya Sauli, na roho mbaya inamwacha mfalme. Unataka upako gani zaidi ya huo? Sasa soma 17:15. Daudi alikuwa akitoka kwa Sauli na kurudi Bethlehemu kuchunga kondoo wa baba yake. Mpiga kinubi wa ikulu alikuwa na zamu ya kondoo! Na ni huko malishoni alikopigana na simba na dubu. Kazi ya kawaida ndiyo iliyomwandaa kwa Goliathi.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, waimbaji wa hekalu hawakuwa na kazi nyingine." Ni kweli, 1 Mambo ya Nyakati 9:33 ipo. Lakini mbona hatuhubiri Nehemia 13:10? Walipoacha kupewa sehemu zao, Walawi na waimbaji walirudi kila mtu shambani kwake. Nehemia hakuwaambia waimbaji kwamba wamepungukiwa na imani. Soma mstari wa 11: aliwakemea VIONGOZI.

Kwa hiyo, mtumishi mwenzangu, kabla hujamwambia mpiga kibodi aache kazi, jibu swali moja. Kodi ya nyumba yake utalipa wewe? SHA yake? Karo ya mtoto wake? Kama jibu lako ni kwamba Bwana atafungua mlango, basi nyamaza na usome Yakobo 2:15-16.

Kuna jambo lingine ambalo hawa hawakufundishi. Mshahara unalinda ujumbe wako. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3). Katika 1 Wakorintho 9 anaeleza kirefu kwamba ana haki ya kulipwa na kanisa, kisha anasema haki hiyo hakuitumia, ili asiizuie Injili. Hakuna tajiri wa Korintho angeweza kumwambia apunguze ukali kwa sababu yeye ndiye anayemlisha.

Hata hao wa panki walilielewa hili. Washington, mwaka wa 1980, Ian MacKaye na Jeff Nelson walianzisha Dischord Records. Rekodi ya kwanza waliitoa kwa akiba ya bendi yao, pesa za shoo zao wenyewe. MacKaye aliwahi kufanya kazi kwenye duka la aiskrimu. Baadaye na bendi ya Fugazi walishikilia tiketi za bei ya chini, mara nyingi dola 5, kwa sababu hakukuwa na bosi wa kuwaamulia. Milo Aukerman wa Descendents alisomea biolojia hadi shahada ya udaktari, akafanya kazi miaka mingi kama mwanasayansi huku akiimba. Greg Graffin naye alipata shahada ya udaktari Cornell mwaka wa 2003 na amefundisha chuo kikuu. Bendi yake inaitwa Bad Religion, kwa hivyo unajua hatuabudu pamoja! Imani yake siifuati. Lakini ona aibu hii: mtu anayepinga dini anafanya kazi kwa mikono yake, na sisi tunaomjua Mungu tunafundishana kukaa bila kazi tukingoja muujiza.

Fikiria uchaguzi ukikaribia. Mheshimiwa anakuja na bahasha, anataka wimbo. Kampuni ya kamari inataka nembo yake kwenye fulana zenu. Ukiwa umelipa kodi ya mwezi huu, unaweza kusema HAPANA. Ukiwa na njaa, utaimba.

"Lakini Mchungaji, njia mbili zilimshinda fisi." Fisi alitaka kupita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Wewe gawanya saa zako.

Saa za mwajiri ni za mwajiri. Kuandika nyimbo kwa kompyuta ya ofisi saa nne asubuhi ni wizi, hata kama nyimbo ni za sifa. Soma mkataba wako kama unakuruhusu kupata kipato kingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Safari za bendi zipange ndani ya hizo 21. Usiombe ruhusa ya ugonjwa wa uongo. Na ile siku ya kupumzika, ipumzike. Mke wako si mtu wa kuonana naye kati ya zamu na mazoezi.

Kama siku moja muziki utaweza kukulisha wewe na nyumba yako, uache kazi kwa amani, ukiwa na hesabu mkononi (Luka 14:28). Mpaka siku hiyo, amka uende kazini, na jioni upige gitaa lako kwa nguvu zako zote.

Baba, bariki kazi ya mikono yao na sauti ya vinywa vyao. Wasinunuliwe na mtu. Katika jina la Yesu.

Mtumie mwanabendi mmoja ujumbe huu kabla hajaandika barua ya kujiuzulu. Kama umepokea, andika AMINA. Mbarikiwe.