Soko na nganda ni jiko moja

Kila mwaka kiangazi kikikaribia kwisha, maneno yale yale yanarudi mjini. Wauzaji wamejaa barabarani, nganda zinapiga kelele, takataka zimeziba mifereji, basi watu waondolewe. Soko ipelekwe mbali penye nafasi, na wenye nganda watafute kwao. Sisi tunaokaa karibu na soko ya Kenya na avenyu za Kamalondo tumeyasikia mara nyingi, hata hatuhesabu tena. Na nusu yake tunaikubali: mifereji imeziba kweli, mwenye macho anaona. Lakini yule anayetaka kutenga soko na nganda, kila kimoja upande wake, hajui ginsi chakula kinavyotembea katika Lubumbashi.

Tufuate samaki mmoja. Amevuliwa Luapula au ziwa Mweru, amepita Kasenga, amepanda lori usiku, ameshuka sokoni asubui mapema. Mwenye barafu ameweka kidogo chini na kidogo juu. Saa hiyo samaki ana bei ya mkubwa. Mteja anakuja na kikapu chake, anamtazama macho, anafungua matamvua, anasema: «Mama, huyu alilala.» Muuzaji hakosi jibu: «Alilala mu lori, mama, sawa sisi bote.» Wanacheka, bei inashuka kidogo, au haishuki.

Jua likifika kichwani, barafu imekwisha. Sasa ni mbio. Muuzaji hana friji, na hata angekuwa nayo, umeme wetu tunaujua. Wateja wa asubui wamekwisha kwenda kupika. Samaki anayebaki anaanza kuwa deni, maana mama huyu alichukua mzigo kwa mwenye lori na lazima alipe kesho. Ndipo anapita mama wa nganda. Hafiki kwa bahati, anafika kila siku saa ile ile, na wauzaji wanamngojea. Anachukua waliobaki, wadogo na wakubwa pamoja, kwa bei ya chini. Mara nyingi halipi yote: nusu leo, nusu kesho asubui, wanywaji wakiisha kulipa. Anavuka avenyu, anapasua, anatia chumvi, mafuta yanaanza kulia. Mangaribi watu wakitoka kazi, samaki yule yuko katika sahani, na nyanya, kitunguu na pilipili, na bukari moto pembeni.

Hesabu ni nyepesi. Bila nganda, samaki yule angetupwa, na mama wa soko angerudi nyumbani na deni badala ya unga. Bila soko hapa karibu, mama wa nganda angehitaji taksi kwenda na kurudi, na sahani yake ingekuwa na bei ya hoteli. Nganda njo friji ya soko. Haitumii umeme, inatumia njaa ya watu wa mangaribi. Na si samaki tu. Nyanya zilizoanza kulainika zinakwenda katika supu. Sombe iliyotwangwa asubui haiwezi kungoja siku ya pili. Makala yaliyobaki chini ya mfuko, vipande vidogo vidogo, mchoma michopo anayataka. Tuhamishe soko mwendo wa saa moja kwa gari, kamba hii yote inakatika siku ile ile, na hakuna ofisi itakayoweza kuifunga tena.

Kamba yenyewe ni ya zamani. Mji ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Kunako 1921 Wabelgiji walianza kupanga Cité Albert, ile tunayoiita leo Kamalondo, ng'ambo ya kile kiwanja kitupu walichokiita zone neutre, weupe upande mmoja na weusi upande mwingine. Kenya ilifuata mwisho wa miaka ya 1920. Watu wa kambi za Union Minière walikuwa na posho: unga, nyama, samaki, chumvi, kila kitu kwa kipimo cha kampuni. Mtu wa cité hakuwa na posho. Fundi wa nguo, mwashi, karani, mwenye kuuza maji, wote walikula kwa franka zao. Kwa hiyo soko haikuwa pambo la cité, ilikuwa chungu chake. Hata samaki wa Luapula tunayemsema alianza safari yake wakati ule, pale Wagiriki wa Kasenga walipokuwa wanapakia malori kuja Elisabethville. Na mwanaume aliyefika peke yake kutafuta kazi, mke akiwa bado kijijini, alikula wapi? Kwa mama aliyepika kando ya soko. Hakuna aliyeita nyumba yake bistro, lakini ndiyo ilikuwa.

Posho nayo ilikwisha. Gécamines ilipoanguka, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipotolewa kati ya 2003 na 2004 kwa jina la «départs volontaires» (wenyewe wanajua ilikuwa kwa kupenda ya nani), nyumba nyingi zilisimama juu ya meza ya mama. Meza ya nyanya, meza ya unga, sufuria moja ya maharage mbele ya lupango. Watoto waliosoma kwa meza hizo leo ni waganga na mawakili, na baadhi yao, tunasema bila chuki, ni hao wanaoona soko kuwa uchafu.

Kwa hiyo tunawaalika hao kwanza. Shukeni kwa miguu, si kwa gari lenye vioo vimefungwa. Anzeni upande wa unga, hapo mtasikia habari za mji kuliko redioni. Zambia ikifunga mlango wa mahindi Kasumbalesa, meka ya unga inapanda kabla gazeti halijaandika neno. Mtazame mama anavyopima: anajaza meka, anaacha mlima juu, halafu mkono unapita taratibu na mlima unapungua. Hapo ndipo mnaomba matabishi, kwa heshima, na unga wa kiganja kimoja unarudi.

Pitieni kwa vinkubala. Vikavu viko karibu mwaka mzima, lakini vile vya msimu wa mvua ni habari nyingine, na muuzaji atawaambia vilitoka pori gani. Mtoto wa mji anayekataa vinkubala, halafu anakula sosisi ya kopo isiyojulikana imetengenezwa na nini, huyo hatumwelewi. Kikanda kiko karibu, keki nyekundu inayokatwa vipande, ya karanga na viazi vidogo vinavyochimbwa katika dembo. Hivyo viazi ni mizizi ya maua ya okidi, na kila mwaka wachimbaji wanakwenda mbali zaidi kuvipata. Wenzetu wa Zambia walishaanza kuvitafuta mpaka kusini ya Tanzania. Tukule, lakini tujue. Pembeni kuna munkoyo katika ndoo yenye kifuniko. Ule wa leo ni mtamu, ule wa juzi unapigana. Ulizeni umri wake.

Halafu vukeni avenyu. Nganda nzuri haijulikani kwa rangi ya ukuta wala kwa bango la Simba na Tembo, maana hayo kila mmoja anayo. Inajulikana kwa moshi wake na kwa mlango unaotazama soko. Ukikaa na kuagiza, na mama akamtuma mtoto akimbie kununua nyanya mbili na kitunguu kimoja, usikasirike kwamba unangoja. Umefika pahali sawasawa: chakula chako bado kilikuwa sokoni. Michopo vilevile. Mbuzi anatundikwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole, kinakatwa kile ulichoonyesha, kinachomwa, kinaletwa katika karatasi na kitunguu kibichi na pilipili. Siku TP Mazembe inacheza kwake Kamalondo, usitafute kiti. Lakini siku hizo ndizo zinazolipa minerval ya watoto wengi kuliko hotuba zote.

Sasa upande wa pili, maana hatukuja hapa kusifu peke yake.

Nganda zimeanza kuharibika, na si kwa sababu ya soko. Kuna zile zinazogeuza mgongo: kuku wa barafu aliyetoka mbali kwa meli, kwa katoni, viazi vya mfuko, hakuna hata nyanya moja iliyotoka kwa meza ya jirani. Nyumba ya namna hiyo ni duka la bia lenye viti. Ikitaka kwenda mbali, iende, hatutalia. Tena kuna kelele. Zamani, wazee wetu wanasema, magitaa mawili na chupa ya Fanta iliyogongwa kwa kijiko zilitosha. Mwenda wa Bayeke na Edouard Masengo walitoka katika muziki wa namna hiyo, na watu waliweza kuzungumza juu yake. Leo nganda tatu zinapiga nyimbo tatu kwa nguvu moja, na mtoto anayesoma masomo yake nyuma ya ukuta hana wa kumtetea. Mambo hayo yana dawa yake: saa ya kufunga muziki, na anayekataa alipe. Hayahitaji tingatinga.

Uchafu ndio mzito zaidi. Tunasema wazi, kwa kuwa tunakula pale. Sahani ishirini zinaoshwa katika beseni moja, na maji yake yanabadilishwa yakiisha kuwa supu. Mvua ikianza, maji ya mifereji yanapanda mpaka miguu ya meza, na Lubumbashi inajua kolera, haihitaji kufundishwa. Wanaotaka kuhamisha soko wanachukua neno hilo kama nyundo: «Mnaona? Kolera!» Sisi tunauliza: kule mnakotaka kupeleka wauzaji, kuna maji? Kuna choo? Kama viko, kwa nini visiletwe hapa ambapo watu wako tayari? Na kama haviko, basi mnahamisha kolera pamoja na meza, na mnaongeza nauli juu yake.

Mama wa soko si mtu asiyelipa. Asubui analipa takse ya pahali. Anapita mwingine, analipa ya usafi. Anapita wa tatu, ana kofia lakini hana karatasi, naye anapewa kitu ili aende. Mama mmoja alituambia bila hasira, huku anapanga lengalenga zake: «Nalipaka usafi kila siku, papa. Usafi wenyewe sijauonaka hata siku moja.» Tumemwandika kama alivyosema. Pesa hizo ndogo ndogo, za meza zote, za siku zote, zinatosha kwa mambo mengi. Tunaomba machache. Takse moja, tiketi moja yenye namba, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi pale mlangoni mwa soko ili kila mtu asome. Mabomba ya maji pande mbili za soko, na moja kwenye avenyu za nganda. Vyoo vyenye mtu wa kuvisimamia, alipwe kutoka takse hiyo. Mifereji ifunuliwe na kusafishwa kabla ya mvua, si baada ya mazishi. Na wenye nganda waingie katika likelemba ya usafi pamoja na wauzaji, kwa kuwa wanakula kutoka chungu kimoja. Nganda isiyo na maji ya kutiririka isifunguliwe. Hilo tunalisema sisi tunaozipenda.

Kuhusu meza zilizo katikati ya barabara, pale gari la wagonjwa haliwezi kupita, hatutetei. Zirudi nyuma metre chache, ndani ya mstari uliochorwa kwa rangi, na mstari uwe uleule kwa mwenye ndugu ofisini na kwa asiye na ndugu. Wauzaji wenyewe wanautaka mstari huo. Kinachowachosha ni kuchorewa leo huku na kesho kule, na kila mara kulipa ili mchoraji asahau.

Mvua ya kwanza haiko mbali, Oktoba ikichelewa basi Novemba. Kusafisha mifereji ya Kenya ni kazi ya majuma machache, na koleo ziko. Vijana wa Kamalondo wako pia, wamekaa juu ya ukuta wanangoja kuitwa.