Kamera Mpya na Kamera Kuukuu: Ipi Imfundishe Mwalimu?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao walisema ya kale ni dhahabu. Mabishano mengi kuhusu zana za kufundishia huishia hapo: upande mmoja hushika methali ya kwanza, upande wa pili hushika ya pili, na kikao hufungwa. Mabishano ya namna hiyo yametokea katika chuo chetu kuhusu kamera. Katika kabati la zana mna kamera moja ya dijitali ya mwaka 2006, kubwa na nzito, ya aina iliyokuwa ikinunuliwa na wapenzi wa upigaji picha. Pembeni mwake zimo kamera mbili ndogo za kisasa, ziingiazo mfukoni. Limetolewa pendekezo kwamba ile kuukuu ifutwe katika daftari la mali, kwa kuwa imepitwa na wakati. Madhumuni ya makala haya ni kulipinga pendekezo hilo, lakini si kwa sababu ambayo wengi wataidhania.

Kwanza tuvitazame vifaa vyenyewe, maana mwalimu hapaswi kuhukumu asichokipima. Chukua Nikon D40, iliyotoka mwaka 2006, na Canon IXUS 185, iliyotoka mwaka 2017. Ya kwanza ina pikseli milioni 6. Ya pili ina pikseli milioni 20. Mwanachuo asomaye tarakimu za kwenye boksi atakata shauri papo hapo kwamba ya pili ni bora mara tatu. Lakini kuna kipimo kingine kisichoandikwa kwa herufi kubwa, nacho ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Kihisi cha D40 kina milimita 23.7 kwa 15.6, yaani eneo la milimita za mraba 370 hivi. Kihisi cha IXUS kina milimita 6.2 kwa 4.6, yaani milimita za mraba 28 hivi. Kile cha kamera kuukuu ni kikubwa mara 13.

Mwanafunzi wa Darasa la Nne ataelewa jambo hili kwa mfano wa mvua. Tuseme mvua inanyesha, na mtu mmoja ametandaza uani mabeseni sita, na jirani yake ametandaza vifuniko vya chupa ishirini. Mwenye vyombo vingi ni jirani. Mwenye maji mengi ni yule wa mabeseni. Pikseli ni chombo cha kukingia mwanga, na pikseli moja ya D40 ina eneo linalopita mara 40 eneo la pikseli moja ya IXUS. Ndiyo maana ndani ya darasa lenye madirisha madogo, siku ya mawingu, picha za kamera ndogo za bei nafuu hujaa chengachenga. Tena pikseli milioni 6 si haba. Picha ya D40 ina nukta 3,008 kwa 2,000. Ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, hupatikana picha ya sentimita 25 kwa 17, ambayo ni kubwa kupita ukurasa wa daftari la kawaida la mwanafunzi. Ikichapwa kwa nukta 100, kipimo kinachotosha kwa picha ya ukutani itazamwayo kutoka kwenye madawati, hupatikana picha ya sentimita 76 kwa 51.

Hata hivyo haki haina budi kutendeka kwa pande zote. Si kila kamera ndogo ya kisasa ina kihisi kidogo kiasi hicho. Canon PowerShot G7 X Mark III, ya mwaka 2019, ina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, karibu mara nne ya kile cha IXUS, na lenzi yenye tundu pana lipitishalo mwanga mwingi. Usikivu wake wa mwanga hufika ISO 12,800, ilhali D40 hukomea 3,200. Hupiga picha za video, kazi ambayo D40 haiwezi kabisa. Uzito wake ni gramu 300 hivi, na D40 peke yake, kabla ya kuwekewa lenzi, inakaribia nusu kilo. Mwalimu anayepanda basi na kutembea kwa miguu hadi shuleni hawezi kuidharau tofauti hiyo. Zaidi ya hayo, betri za kamera kuukuu huchoka, na baadhi ya kamera za wakati ule, kama Nikon D70 ya mwaka 2004, hutumia kadi za kumbukumbu aina ya CompactFlash ambazo hazimo tena katika maduka mengi. Anayedai kwamba kamera kuukuu inaishinda mpya kwa kila jambo anasema kwa mapenzi, hasemi kwa vipimo.

Kwa nini basi ninapinga isifutwe? Nitaeleza lililonipata mwenyewe.

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilimkagua mwanachuo mmoja, mwenye bidii na aliyeandaa somo lake vizuri. Alikuwa amewapiga picha wanafunzi wake wa Darasa la Tatu kwa idhini ya mwalimu mkuu na wazazi, ili atengeneze kadi za kusomea. Wazo lilikuwa zuri: mtoto aone sura yake, kisha asome jina lake chini ya picha. Alitumia kamera ndogo ya chuo, saa sita mchana, watoto wakiwa wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Picha zilipotoka kuchapwa mjini, ukuta ulionekana vizuri sana, hata alama za vidole juu ya chokaa zikahesabika. Lakini nyuso za watoto zilikuwa kiza kitupu. Kadi zikagawiwa hivyo hivyo. Mtoto mmoja akaishika kadi yake, akaigeuza, akasimama akauliza: “Mwalimu, mimi ni yupi hapa?” Mwanachuo akajibu: “Kamera ndiyo ilivyopiga.”

Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu kuliko somo zima. Mwalimu hana ruhusa ya kusema kamera ndiyo ilivyopiga, kama asivyo na ruhusa ya kusema kitabu ndicho kilichokosea au ubao ndio ulioandika. Chombo akiingizacho darasani ni jukumu lake. Nilipotaka kumlaumu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kutumia kamera ile, na mafunzo yangu yote yalikuwa sentensi moja: elekeza, kisha bonyeza hapa. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Kilichotokea kinaelezeka. Kamera inapoachiwa iamue yenyewe, hupima mwanga wote ulio mbele yake na kuukadiria kana kwamba ulimwengu mzima una weupe wa wastani. Ikikutana na ukuta mweupe unaomeremeta juani, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ukuta huponea, uso mweusi wa mtoto hupotea. Kamera nyingi za kisasa hujaribu kuutafuta uso na kuupimia mwanga wake, na mara nyingi hufaulu. Siku isipofaulu, mtumiaji asiyejua kilichotendeka hana la kufanya ila kubonyeza tena.

Juma lililofuata tulirudi na kamera kuukuu. Nilimtaka mwanachuo aweke mtambo katika hali ya kujichagulia, achungulie katika kitundu cha kamera, na aamue mwenyewe mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, muda wa kupitisha mwanga, na usikivu wa kihisi. Picha ya kwanza ilikuwa kiza. Ya pili ilikuwa nyeupe mno. Ya tatu ikakaribia. Alipofika ya tano alikuwa amekwisha kuacha kuniuliza mimi, anauuliza mwanga. Mwishowe akasema: “Mkufunzi, mbona tusiwahamishie watoto kwenye kivuli cha mwembe?” Akawahamisha. Kisha akatoa ile kamera ndogo iliyomtia aibu, akapiga nayo, na kila mtoto akaonekana.

Ndugu mwanachuo, zingatia jambo hilo. Picha nzuri zilipigwa na kamera mpya. Lakini kamera mpya haikumfundisha kuhusu kivuli cha mwembe. Ile kuukuu ndiyo iliyomfundisha, kwa sababu ilimkatalia kila alipobonyeza bila kufikiri. Kamera za wapenzi wa picha za miaka ile ziliundwa kwa mtu atakaye kuamua. Hata ndogo miongoni mwake, kama Canon PowerShot G10 ya mwaka 2008, ina magurudumu juu ya kifuniko chake, moja la usikivu na jingine la kuongeza au kupunguza mwanga, yaonekanayo hata kamera ikiwa imezimwa. Katika kamera ndogo nyingi za bei nafuu maamuzi hayo yamefichwa ndani ya skrini, au hayapo kabisa. Kinachofichwa hakifundishiki.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu ufuatao. Kamera kuukuu ibaki kabatini, iwe kamera ya kujifunzia. Kila mwanachuo aitumie kwa mazoezi matatu kabla ya kukabidhiwa nyingine yoyote. Zoezi la kwanza: apige maji yanayomiminwa kutoka kwenye jagi kwa muda wa 1/30 ya sekunde, kisha 1/125, kisha 1/500, na aeleze kwa nini maji yaliyokuwa utando yamegeuka matone. Zoezi la pili: ampige mwenzake mbele ya dirisha, kisha mbele ya ukuta mweupe, kisha kivulini, na kila mara arekebishe mwanga hadi uso uonekane. Zoezi la tatu: aandae somo la nuru kwa Darasa la Tano kwa kutumia boksi lenye tundu dogo na karatasi ya mafuta, aonyeshe kwamba boksi lile na kamera ile ni ndugu. Akimaliza hayo, achukue kamera ndogo, au hata simu yake, aende nayo shuleni. Hapo itakuwa mtumishi wake.

Na chuo kitakachotaka kununua kamera kuukuu ya mtumba kiangalie mambo manne: lenzi iinuliwe kwenye mwanga ili kuona kama ina ukungu, hasa katika sehemu zetu za pwani zenye unyevu; betri ijaribiwe kwa kupiga picha nyingi mfululizo; chaja yake iwepo; na kadi yake iwe ya aina inayopatikana.

Wako watakaosema mchagua jembe si mkulima. Nakubali, lakini methali hiyo humhusu mtu aliyekwisha kujua kulima. Anayejifunza huchaguliwa jembe na mwalimu wake, na jembe linalofaa kwake ni lile litakalomwonyesha ardhi ilivyo. Kadi za Darasa la Tatu zilichapwa upya, na yule mtoto alijiona. Swali lake bado ninalo, nalo ndilo nitakalopeleka katika kikao kijacho cha kugawa na kufuta mali za chuo.