Chama Kilichoanzia Juu

Wako mabwana wenye elimu wapendao kusema kwamba siasa ingetengenea kama wanasiasa wangekaa kando na kuwaachia mabingwa kazi. Sisi hatuwadharau mabingwa. Lakini twawaomba mabwana hao watazame Italia, nchi iliyolijaribu jambo hilo hilo.

Novemba 2011 Italia ilikuwa taabani. Riba ya madeni ya Serikali ilipita 7 kwa 100, na Bwana Silvio Berlusconi akajiuzulu uwaziri mkuu. Rais Giorgio Napolitano alimwita Profesa Mario Monti, bingwa wa uchumi, ambaye siku chache kabla alikuwa amemfanya Seneta wa maisha. Mawaziri wake walikuwa wataalamu, si watu wa vyama. Umri wa kustaafu ukasogezwa mbele. Kodi ya nyumba aishimo mtu ikarudishwa. Dawa ilikuwa chungu, nao walioinywa ni watu wadogo.

Januari 2013 Profesa akaanzisha chama cha kati, Scelta Civica, yaani Chaguo la Raia. Kabla hakijatimiza miezi 2 kikaingia katika uchaguzi, kikapata kura zaidi ya 2,800,000 za Baraza la Wawakilishi, kama 8 katika kila 100. Kwa chama kichanga hayo si haba. Lakini mwenye chama mwenyewe hakugombea kiti popote, kwa maana Seneta wa maisha hapigiwi kura.

Je, kilidumu? Oktoba 2013 Profesa alikosana na maseneta wake akajitoa. Mwezi uliofuata wengine wakajitenga. Mei 2014, katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, orodha ambayo chama kilijiunga nayo haikupata hata kura 1 katika kila 100. Mwanzoni mwa 2015 wabunge kadhaa walihamia Chama cha Demokrasia, pamoja na Waziri wa Elimu, Bibi Stefania Giannini, aliyepata kuwa Katibu wa chama. Uchaguzi wa 2018 ulipofika, hakikusimama kwa jina lake.

Basi zile kura 2,800,000 zilikwenda wapi? Sisi twasema hazikuwa mali ya chama. Zilikuwa heshima aliyopewa mtu mmoja, naye alipoondoka aliondoka nayo. Hakukuwa na tawi kijijini, wala mwenyekiti wa mtaa wa kuwaambia wakubwa kwamba kodi ile imewaumiza majirani zake. Chama kisichokaripiwa na wanachama wake hakijui kinapougua.

Atakayetujibu kwamba matawi hayakukiokoa chama cha Democrazia Cristiana, kilichovunjika mwaka 1994, asema kweli. Rushwa huua hata mti wenye mizizi. Lakini mti ule ulisimama miaka kama 50. Huu wa Profesa haukudumu hata karibu na hapo.

Elimu ni taa, na nchi isiyo na taa hupotea njia. Hata hivyo taa haijishiki yenyewe, yahitaji mkono. Bingwa anayetaka kuongoza watu na aanze pale walipo: aketi nao mkutanoni, aulizwe, abishiwe, kisha ndipo apewe kura. Heshima ya kuteuliwa hutolewa kwa siku moja. Imani ya watu hujengwa nyumba kwa nyumba, wala hakuna njia ya mkato.