Bei Imeshuka, Thamani Je?

Hapa Embu, mwenye shamba akipunguza bei mara mbili, mnunuzi huuliza: je, hatimiliki ina kasoro? Nyumba kubwa ya kale ikipunguzwa bei katika Mji wa Kale wa Lamu, tuulize nini? Sisi wanaisimu hutenganisha bei na thamani. Thamani ya mji huo UNESCO iliitambua mwaka 2001. Kinacholemea warithi ni ukarabati: kuta za matumbawe hutaka chokaa, dari hutaka boriti za mikoko, na ukataji wa mikoko ulisimamishwa kwa muda mwaka 2018. Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta. Serikali isipowasaidia wenyeji kuziba ufa, watauza ukuta, nao mji utabaki na nyumba zisizo na wenyewe.