Ubongo wa Mashine na Jasho la Watu



Ndugu wapendwa, hapa Songea kama kwingineko, akili mnemba imekuwa gumzo la wasomi na wasio wasomi. Wapo wanaoisujudia, wakisema kompyuta sasa ina ubongo wa binadamu. Wapo wanaoikimbia, wakiona humo namba ya mnyama wa Ufunuo. Sisi tunasema makundi yote mawili yamepotea njia ile ile: yameamini kwamba mashine inafikiri yenyewe, na hivyo yamewasahau watu walio nyuma yake.

Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts, huko Marekani, waliandika hesabu ya kuiga seli ya ubongo. Kutoka katika mbegu hiyo umeota mtandao wa neva: hesabu nyingi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zinazorekebishwa kidogo kidogo kila jibu linapokosewa, mpaka makosa yapungue. Majigambo yalianza mapema. Mwaka 1958 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitarajia mashine ya namna hiyo itembee, iseme na kujitambua. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Miaka 60 baadaye, mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kiliwasha kompyuta ya SpiNNaker yenye vichakataji milioni 1, ikilenga kuiga seli bilioni 1 za ubongo. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, nao hutumia nguvu ya wati 20 hivi, kiasi cha balbu hafifu.

Tuje nyumbani. Ndugu zetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wanaotegemea muhogo, wajue kwamba ipo programu ya simu iitwayo Nuru, inayotambua magonjwa ya zao hilo. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2017. Picha za majani zilipigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, na wataalamu wakazibainisha: hii ni batobato, hii ni michirizi ya kahawia. Ni kazi njema, tunaisifu. Lakini macho yaliyoona kwanza yalikuwa ya watu. Tena utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba uwezo wa mashine hiyo ulipungua ilipopimwa kwa picha halisi za shambani, hasa dalili zilipokuwa hafifu. Anayetangaza kwamba simu itamwondoa bwana shamba anampotosha mkulima.

Liko pia jambo chungu zaidi. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama, jijini Nairobi, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kazi ya kampuni ya OpenAI. Walisoma maandishi ya ukatili na ya kunajisiwa kwa watoto, wakayawekea alama ili mashine ijifunze kuyatambua. Sifa zikaenda kwa mashine; majeraha ya moyo yakabaki kwa vijana wa Afrika Mashariki.

Huenda mtu akauliza: hayo yanaihusu nini parokia? Yanatuhusu sana. Hati ya Vatikano *Antiqua et nova*, ya tarehe 28 Januari 2025, inafundisha kwamba akili mnemba ni zao la akili ya binadamu, si namna nyingine ya akili hiyo. Na Mei 2025 Papa Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, ambaye katika *Rerum Novarum*, mwaka 1891, alitetea ujira wa haki kwa mfanyakazi.

Basi, wapendwa, tusiiabudu mashine wala tusiikimbie. Tuitumie, lakini kila atuleteaye chombo hiki, shuleni, hospitalini au shambani, tumwulize maswali matatu: Nani aliyeifundisha? Alilipwa nini? Ikikosea, nani atawajibika? Asiyeweza kujibu asituambie habari za ubongo. Anauza jasho la wengine bila kuwataja, na kumnyima mfanyakazi haki yake ni dhambi hata pale inapotendwa kwa kompyuta.