Majani ya Bujumbura Yastahili Mchoraji Wake

Mtu ashukaye kutoka Kiriri asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kuliosha vumbi la kiangazi, huyaona majani ya bustani za Rohero yakimeremeta kwa rangi ambazo ni nadra kutendewa haki katika taswira ziuzwazo mjini kwetu; kwani wachoraji wetu, ambao ustadi wao siudharau hata kidogo, aghalabu huchora wapiga ngoma, mitumbwi na akina mama waliojitwika vikapu, na majani wakayapaka nyuma kwa kijani kimoja kilichotoka ndani ya tyubu, kana kwamba ni pazia la kuzibia nafasi tupu. Rai yangu ni kwamba majani hayo yastahili kuwa ndiyo maudhui yenyewe, na kwamba hatayaweza mchoraji mpaka akiache kile kijani cha tyubu.

Litazame jani la mgomba. Jua likilipiga usoni, huakisi mbingu likawa na weupe wa samawati; jua likiwa nyuma yake, nuru hulipenya likawaka manjano; nalo hilo hilo, likifunikwa na kivuli cha jenziwe, huelekea rangi ya nili. Mwembe huchipuza majani ya wekundu wa hudhurungi, yakaning'inia malaini kabla ya kugeuka chanikiwiti iliyokolea. Na mikrotoni ya nyuani hukusanya manjano, wekundu na urujuani katika jani moja. Kijani cha majani hayo hupatikana kwa kuchanganya manjano na buluu, kisha kuupunguza ukali wake kwa chembe ya nyekundu, ambayo ndiyo siri ya vivuli vya bustani. Atiaye nyeusi mahali hapo ameliua jani.

Rangi za akriliki zafaa mno kwa kazi hii, kwa kuwa huzimuliwa kwa maji, lakini zikisha kukauka maji hayaziyeyushi tena. Basi mtu aweza kupitisha utando mwembamba wa manjano juu ya buluu iliyokauka, nuru ikazipenya tabaka zote mbili. Lakini zina ukaidi wake. Hukolea kidogo zikikauka, kwani gundi yake huwa nyeupe ikiwa mbichi na angavu ikiwa kavu, hivyo yafaa kuchanganya kwa weupe kidogo kupita ule utakiwao. Tena katika joto la ufuko huu wa Tanganyika, hasa Julai na Agosti, hukauka juu ya kibao kabla brashi haijarudi, na dawa yake ni kutandika kitambaa kilichoroweshwa chini ya karatasi ya kuchanganyia.

Husemwa kwamba picha ya majani haina habari, wala mgeni hainunui. Hoja hiyo siikubali. Huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji mwaka 1946, akakataa kuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Na Pilipili Mulongoy akatokea humo na taswira za ndege, samaki na mimea, ambazo hata leo zina taadhima katika majumba ya makumbusho. Na hizo ngoma tuzichorazo kwa fahari, ambazo uchezaji wake UNESCO iliutia katika urithi wa wanadamu mwaka 2014, huchongwa kwa mti wa umuvugangoma, wenye majani mapana na maua meupe. Ngoma tumezichora mara nyingi zisizo na hesabu. Mti wenyewe, ungali hai na majani yake, ni nani kati yetu aliyeuchora?

Nawasihi walimu wa shule zetu waanzie hapo. Watoto wapewe manjano, buluu, nyekundu na nyeupe tu, waketi chini ya mwembe wa uwanjani, na tyubu ya kijani isitoke kabatini mpaka kila mmoja awe ameipata, kwa mkono wake mwenyewe, rangi ya jani alilolishika.